Hedhi ilikoma zamani, damu haina estrojeni: uvimbe wa mama unalishwa na nini?

Msomaji wa Tanga anauguza watu wawili. Mama yake ana miaka 63 na alikoma hedhi akiwa na 51. Mwaka huu ametolewa uvimbe wa saratani kwenye titi la kushoto, majibu ya patholojia yakasema vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo ya kike, ni chanya kwa asilimia 90, akaandikiwa letrozoli, dawa ya kuzuia estrojeni isitengenezwe, miligramu 2.5 kila siku. Mdogo wake msomaji, miaka 38, alitibiwa saratani ya namna hiyohiyo mwaka uliotangulia, naye anameza tamoksifeni, dawa nyingine ya homoni. Anauliza: "Mama alipimwa estrojeni kwenye damu, ikaonekana karibu hakuna. Hizo homoni zinazolisha uvimbe zinatoka wapi? Shangazi anasisitiza mama atolewe ovari. Na kama letrozoli ndiyo kali zaidi, kwa nini mdogo wangu asimeze hiyohiyo, wakawa wanagawana pakiti?"

Jibu:

Pole, dada. Kuuguza wawili katika nyumba moja si jambo dogo. La vidonge nalijibu kwanza kwa kuwa ndilo lenye hatari: wasigawane. Letrozoli ya mama, mdogo wako akiimeza peke yake, inaweza kumwongezea homoni badala ya kumpunguzia. Ili sababu yake ieleweke itabidi tuanzie kwa mama.

Kipimo cha damu hakikudanganya, ila kiliulizwa jambo kisichoweza kulijibu. Kwa mwanamke anayeona siku zake, estradioli, ambayo ndiyo estrojeni yenye nguvu kuliko zote, hupanda na kushuka kati ya takriban pikogramu 30 na 400 kwa kila mililita ya damu. Hedhi ikishakoma hushuka chini ya 20, na wengi hubaki kati ya 5 na 10. Mashine za kawaida za maabara, zile zinazotumia kingamwili, hazisomi vizuri viwango vya chini namna hiyo. Kutofautisha 4 na 12 kunahitaji mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, na hospitali nyingi hazina. Lakini tuseme mama angepimwa kwa mashine bora kuliko zote. Bado jibu lisingesaidia, kwa sababu vipande vya uvimbe vilipopimwa vyenyewe, estradioli iliyokutwa ndani ya uvimbe wa wanawake waliokoma hedhi ilikuwa mara 10 hadi 20 ya ile ya kwenye damu yao. Kiwango hicho cha ndani kinakaribiana na cha mwanamke ambaye bado anaona siku zake, ingawa damu zao zimepishana mno.

Kupima damu ili kujua titi linapata nini ni sawa na kuchungulia sebuleni ili ujue waliomo jikoni wamekula nini. Chakula kimepikwa jikoni, kimeliwa jikoni, sebuleni hakikufika hata sahani. Homoni tuliyofundishwa shuleni hutoka kwenye tezi, ikasafiri kwa damu hadi kiungo kingine. Hii ya mama haisafiri. Inatengenezwa na seli, inatumiwa na seli hiyohiyo au jirani yake, na mabaki tu ndiyo huvuja kwenye damu. Fernand Labrie wa Quebec, Kanada, aliupa utaratibu huu jina lake mwaka 1988: intrakrinolojia, yaani elimu ya homoni zinazofanya kazi ndani ya seli zilizozitengeneza.

Malighafi inatoka kwenye tezi za adrenali, vile vitezi viwili vinavyokaa juu ya figo. Umri huvipunguzia kasi, lakini kukoma kwa hedhi hakuvifungi. Hutoa androstenedioni, DHEA, na DHEA iliyofungwa na salfeti, ambayo ni nyingi kwenye damu kuliko homoni nyingine yoyote ya jamii ya steroidi. Vitu hivi vyenyewe haviamshi sana kipokezi cha estrojeni. Ni unga ambao haujakandwa.

Kuna njia mbili za kuugeuza unga huo. Ya kwanza ni ya kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kiitwacho aromatesi, kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya CYP19A1 kwenye kromosomu ya 15. Aromatesi hung'oa kaboni ya 19 ya androjeni, yaani homoni za kiume kama androstenedioni na testosteroni, kwa hatua tatu, kila hatua ikitumia molekuli moja ya oksijeni, na pete ya kwanza ya molekuli inabadilika umbo kuwa ile ya estrojeni. Androstenedioni ikipita hapo hutoka estroni, aina nyingine ya estrojeni. Testosteroni ikipita hutoka estradioli. Mwilini hakuna kimeng'enya kingine kinachofanya kazi hii, na ndiyo maana dawa za kuizuia zina maana kubwa.

Njia ya pili husahauliwa hata na baadhi ya vitabu. Estroni nyingi kwenye damu imefungwa na salfeti na haifanyi kazi, ni akiba. Seli za uvimbe zina kimeng'enya cha salfatesi kinachovua salfeti hiyo na kuirudisha estroni huru. Lakini estroni, iwe imekuja kwa njia ya kwanza au ya pili, bado ni dhaifu. Anayeipa makali ni kimeng'enya kingine, 17-beta-HSD aina ya 1, kinachoigeuza kuwa estradioli. Aina ya 2 ya kimeng'enya hichohicho hufanya kinyume, huirudisha estradioli kuwa estroni. Kwenye titi lisilo na ugonjwa hizi mbili husawazishana. Kwenye uvimbe mwingi mizani huelemea aina ya 1, na estradioli inarundikana.

Mpishi mwenyewe ni nani? Hapa watu hushangaa, kwa sababu mara nyingi si seli ya saratani. Aromatesi nyingi ya titi iko kwenye faibroblasti, seli changa za tishu ya mafuta ambazo zingekua zingekuwa seli za mafuta kamili. Miaka ya 1980 na 1990 watafiti walikata titi lililoondolewa katika robo zake nne na kupima aromatesi kwenye mafuta ya kila robo. Mara nyingi robo yenye uvimbe ndiyo iliyokuwa na nyingi kuliko nyingine. Swali likawa: je, uvimbe ulijichagulia mahali palipokuwa na homoni, au ulifika kwanza ukaamrisha majirani wapike? Yote mawili yanawezekana, ila la pili lina ushahidi mzito zaidi, na namna linavyofanyika ni ya kijanja.

Jeni ya aromatesi ina swichi nyingi, kila tishu ikitumia yake. Ovari hutumia swichi iitwayo PII, inayowashwa na homoni ya ubongo FSH. Mafuta ya titi lisilo na ugonjwa hutumia swichi I.4, ambayo ni ya polepole. Huamshwa na kotisoli pamoja na kemikali ambazo mwili hutoa sehemu inapowaka na kuvimba, kama IL-6 na TNF. Uvimbe unapokua hutoa kemikali iitwayo prostaglandini E2 kwa wingi, kwa kutumia kimeng'enya cha COX-2. Prostaglandini hiyo inapozifikia faibroblasti jirani huwasha swichi PII na mwenzake I.3. Kwa maneno mengine, mafuta ya titi huanza kutumia swichi ya ovari, na kasi ya kutengeneza aromatesi hupanda mara kadhaa. Papo hapo TNF na IL-11 kutoka kwenye uvimbe huzizuia faibroblasti zisikomae kuwa seli za mafuta, maana zikikomaa hupoteza aromatesi yao. Hivyo uvimbe unazungukwa na ukuta wa wapishi waliozuiwa kukua. Ule ugumu ambao daktari huusikia kwa vidole, kama kokoto ndani ya titi, kwa sehemu kubwa ni ukuta huo.

Hapo ndipo unene unapoingia. Baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwili ndiyo kiwanda kikuu cha estrojeni, na mwanamke mwenye unene uliopita kiasi huwa na estradioli ya damu karibu mara mbili ya mwembamba wa umri wake. Isitoshe, seli za mafuta zikijaa kupita uwezo wake hufa, na seli za kinga huja kuzizunguka zikaonekana kwenye darubini kama taji. Mataji hayo hutoa TNF na prostaglandini E2, yaani zilezile kemikali zinazowasha swichi. Kwa wanawake waliokoma hedhi, unene huongeza uwezekano wa kupata saratani ya titi yenye vipokezi. Kabla ya kukoma mambo hayako hivyo. Huko unene hauonekani kuongeza, na kwenye takwimu nyingi unaonekana hata kupunguza kidogo. Kwa hiyo ushauri wa jumla wa "punguza mwili" una uzito zaidi kwa mama kuliko kwa mdogo wako. Na ni mafuta ya mwili tunayozungumzia. Kuacha nazi kwenye mchuzi huku mkate, soda na kukaa kitako vikiendelea hakutabadilisha chochote.

Sasa shangazi. Hoja yake ina asili ya heshima. Mwaka 1896 George Beatson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, alichapisha habari za wanawake wenye saratani ya titi iliyokwisha sambaa ambao uvimbe wao ulisinyaa baada ya kutolewa ovari, na wengine walipoiga wakakuta karibu theluthi moja ya wagonjwa walinufaika. Lakini walionufaika walikuwa wale ambao ovari zao bado zilifanya kazi. Kwa waliokoma hedhi, katika miaka ya 1950 Charles Huggins na wenzake wa Chicago walikwenda hadi kutoa tezi za adrenali zenyewe, na kweli baadhi walipata nafuu, kwa gharama ya kumeza kotisoni maisha yote. Ovari za mama, miaka 12 baada ya kukoma, hutoa androjeni kidogo tu. Kuzitoa ni kumlaza mezani, kumpa dawa ya usingizi na kidonda, na jiko la kwenye titi likaendelea kupika kama kawaida. Kuna sababu moja tu ambayo ingefungua mjadala huo upya, nayo nitaifikia.

Badala ya kuondoa tezi zinazoleta unga, dawa za leo humfunga mpishi mikono. Ya kwanza iliyotumika sana, aminoglutethimidi, ilikuwa dawa ya kifafa iliyogundulika kudhoofisha adrenali. Iligusa vimeng'enya vingi na ilichosha wagonjwa. Angela Brodie, mwanakemia Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeonyesha kwamba aromatesi inaweza kulengwa peke yake. Zilizopo sasa ni tatu, na kwenye pakiti majina yake yameandikwa letrozole miligramu 2.5, anastrozole miligramu 1 na exemestane miligramu 25, kila moja kidonge kimoja kwa siku. Mbili za kwanza hukaa kwenye tundu la kimeng'enya na kutoka. Ya tatu hung'ang'ania na kukiharibu moja kwa moja. Zote huzima takriban asilimia 97 au zaidi ya aromatesi ya mwili mzima, jikoni na kwingineko. Hakuna ushahidi wa maana kwamba moja huwashinda wenzake, kwa hiyo mkikuta hospitali imebadilisha letrozoli kuwa anastrozoli msihangaike. Exemestane tu ndiyo imezwe baada ya chakula, maana tumbo tupu huipokea nusunusu. Mama akianza dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, daktari wa saratani aambiwe siku hiyohiyo: rifampisini hulifanya ini lisafishe dawa nyingi haraka, kiasi kwamba dozi ya exemestane hupandishwa hadi miligramu 50, na tamoksifeni hushuka sana kwenye damu.

Akisahau kidonge, akimeze akikumbuka siku hiyohiyo. Kama imefika kesho, aendelee na cha kesho bila kumeza viwili. Kosa kubwa haliko hapo. Liko pale mgonjwa anapoacha kabisa baada ya miezi mitano kwa sababu viungo vinauma, na haambii mtu. Dozi kamili ni miaka 5 kwa kawaida, wengine huongezewa.

Maumivu ya viungo huwapata karibu nusu ya wanaomeza dawa hizi: vidole vinakaza asubuhi, magoti yanauma akitoka kwenye kiti. Si baridi yabisi, na si saratani imehamia kwenye mifupa, ingawa maumivu ya sehemu moja yasiyoondoka, hasa ya mgongo yanayomwamsha usiku, lazima yapigwe picha. Kutembea kwa kasi nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kunyanyua vitu vyepesi, husaidia kuliko watu wanavyoamini. Paracetamol husogeza siku. Ikishindikana, daktari husimamisha dawa kwa wiki chache kisha anajaribu nyingine kati ya zile tatu, na mara nyingi ya pili huvumilika.

Mifupa ndiyo ya kuchunga kimyakimya. Ukiikata estrojeni ya mwisho mwilini, mifupa inapoteza madini haraka zaidi. Mama apimwe wingi wa madini ya mifupa mwanzoni, kisha kila mwaka mmoja au miwili, kama kipimo kinapatikana. Kalsiamu anayohitaji ni takriban miligramu 1,200 kwa siku kutoka kwenye vyote anavyokula: maziwa, mtindi, na dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao. Aongeze na vitamini D, takriban yuniti 800. Wenye mifupa iliyokwisha dhoofika, na wengine hata kabla haijadhoofika, hupewa dripu ya asidi ya zoledroniki miligramu 4 kila miezi 6; figo zipimwe kabla, na meno mabovu yang'olewe kabla, si baada, maana dawa hii na kung'oa jino haviendani.

Uke ukikauka, aanze na kilainishi kisicho na homoni. Krimu ya estrojeni ya ukeni huingia kidogo kwenye damu, na kwa mtu ambaye dawa yake kazi yake ni kukausha hata hicho kidogo, ni kumwaga maji kwa mkono mmoja na kuyachota kwa mwingine. Daktari wake ndiye aamue. Kuna na vidonge vya DHEA vinavyouzwa mtandaoni kama dawa ya kurudisha ujana. Umekwisha kusoma hapo juu DHEA ni nini. Ni unga unaopelekwa jikoni kwa mama. Asiviguse. Soya ya kula haina neno. Vidonge vyenye mkusanyiko wa isoflavoni, kemikali za soya zinazofanana na estrojeni, aviache.

Mdogo wako sasa. Ana miaka 38 na ovari zake ni hai. Jiko lake kubwa liko kwenye ovari, na jiko hilo lina msimamizi: ubongo. Letrozoli ikizuia aromatesi kwake, estrojeni inaanza kushuka, ubongo unaona, unaongeza FSH na LH, na FSH inaziamsha ovari zikuze mayai zaidi na kutengeneza aromatesi zaidi, hadi dawa inazidiwa. Si nadharia tupu. Kliniki za uzazi huwapa wanawake wasiopevusha mayai letrozoli hiyohiyo, miligramu 2.5 hadi 7.5 kwa siku 5, kwa makusudi ya kuyapevusha. Ndiyo sababu nilianza na onyo lile. Dawa inayomkausha mama inaweza kumpa mdogo wako ovari zenye kazi kuliko zamani, na hata mimba.

Tamoksifeni, miligramu 20 kwa siku, haimgusi mpishi. Inakaa kwenye kipokezi ndani ya titi na kuizibia estrojeni njia, iwe imetoka kwenye ovari au kwenye mafuta. Ndiyo maana inafaa kabla na baada ya kukoma hedhi. Ikimezwa miaka 5 hupunguza vifo vya saratani ya namna hii kwa karibu theluthi katika miaka 15 ya kwanza, kwa hiyo asione amepewa dawa ya daraja la pili. Kwa walio na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi, kwa mfano mitoki ya kwapani ilikutwa na saratani au alihitaji kemo, kuna hatua ya ziada: kulaza ovari kwanza, kwa sindano ya goserelini miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, au kuzitoa kwa upasuaji. Ovari zikishalala ndipo letrozoli inakuwa dawa kwake. Sindano ikichelewa wiki mbili kwa sababu ya nauli au ya dawa kuisha stoo, ovari zinaweza kuamka katikati ya letrozoli. Mtu asiye na uhakika wa sindano kila siku 28 ni heri abaki na tamoksifeni.

Mtego mwingine unawapata wengi wa umri wake. Kemo husimamisha hedhi, miezi 8 au mwaka mzima, na mtu anaandikwa kwenye faili kwamba "amekoma hedhi". Hajakoma, ovari zimepigwa bumbuwazi. Wakimpa letrozoli kwa kuamini faili, zinaweza kuzinduka. Tamoksifeni nayo huvuruga hedhi au kuisimamisha bila kusimamisha mayai. Kwa hiyo kutoona siku si kinga ya mimba, na tamoksifeni humdhuru mtoto aliye tumboni. Kinga yake iwe kitanzi cha shaba au kondomu. Sindano ya miezi mitatu, kijiti na vidonge vya majira vyote vina homoni, na aliyepata saratani ya titi hapewi. Mueleze anayemhudumia kliniki ya uzazi wa mpango kwa kinywa chake, asidhani kadi itasema. Kama anapewa dawa ya msongo wa mawazo, iwe si paroksetini wala fluoksetini, kwa sababu hizi huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa umbo lake lenye nguvu.

Kuna jambo hukuliuliza. Mama na binti, wote na saratani ya titi, mmoja kabla ya miaka 40, ni sababu ya kutosha ya kuuliza kuhusu kipimo cha BRCA, jeni ambazo hitilafu zake hurithiwa na kuongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari. Saratani zenye vipokezi vya estrojeni huelekea zaidi kwenye BRCA2 kuliko BRCA1. Ikionekana mama amebeba hitilafu hiyo, hapo kutoa ovari kunajadiliwa, lakini kwa ajili ya kuzuia saratani ya ovari, si kwa ajili ya titi. Na wewe mwenyewe, dada, utakuwa na nusu kwa nusu ya kuwa umeibeba. Lisikupite kwa sababu unawauguza wao.

Yote haya yamesimama juu ya lile neno "chanya" kwenye karatasi ya patholojia, kwa hiyo inafaa ujue linavyoharibika. Vipokezi huhesabika chanya kuanzia pale asilimia 1 ya seli za uvimbe zinapopokea rangi ya kipimo. Kati ya 1 na 10 huandikwa chanya ya chini, na hizo hazitegemei sana dawa za homoni. Asilimia 90 ya mama iko wazi. Wanaoonewa ni walioandikwa "hasi" kwa makosa, na kosa mara nyingi hufanyika kabla maabara haijafikiwa: kinyama kinatolewa asubuhi, kinakaa juu ya meza ya chumba cha upasuaji hadi mchana, au kinatiwa kwenye kopo dogo lenye fomalini (dawa ya kuzuia kinyama kisioze) kidogo. Kinyama kinapaswa kuingia kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa moja, fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama, uvimbe mkubwa uchanjwe vipande vya takriban milimita 5 ili dawa ipenye, na ukae humo saa 6 hadi 72. Ukioza katikati, vipokezi hupotea, na mgonjwa anakosa dawa rahisi ambayo ingemsaidia. Kwa mtu mwingine unayemfahamu aliyeambiwa hasi, akiwa na kopo lililosafiri siku kadhaa kwa basi, kurudia kipimo ni ombi la haki.

Dawa hizi zikishindwa baada ya miaka, mara nyingi ni kwa sababu kipokezi chenyewe kimebadilika. Mabadiliko kwenye ESR1, jeni ya kipokezi hicho, hukifanya kibaki kimewaka bila estrojeni yoyote, na hapo kumfunga mpishi mikono hakuna maana. Huwa wanahamia fulvestranti, sindano inayokiharibu kipokezi, miligramu 500 zikigawanywa matako yote mawili siku ya 1, ya 15 na ya 29, kisha kila mwezi. Huongezewa na vidonge vya kundi la palbosiklibu na ribosiklibu, vinavyozuia seli kugawanyika, pale vinapopatikana na kulipika.

Kuhusu pakiti, najua swali la kugawana halikutoka hewani, letrozoli hukosekana. Ikikosekana kwa mama, daktari anaweza kumhamishia tamoksifeni kwa muda, mradi hajawahi kupata damu kuganda miguuni au kwenye mapafu, na akiona damu yoyote ukeni akiwa juu ya tamoksifeni aende kuchunguzwa mji wa mimba bila kusubiri. Kuelekea upande huo mlango uko wazi. Kuelekea upande wa mdogo wako umefungwa: tamoksifeni ikimwishia, akae siku chache bila kitu huku ikitafutwa, asikope letrozoli ya mama.